Ndoto si Unabii, ni Ushahidi

Hakuna msahihishaji wa insha za Kiswahili nchini asiyeifahamu sentensi hii: "Nilizinduka huku nimelowa jasho, kumbe ilikuwa ndoto tu!" Mtahiniwa amekwisha kumtumbukiza mhusika wake katika masaibu yasiyo na mlango wa kutokea. Majambazi wamemzingira, daraja limebomoka, mto umefurika, na saa ya ukutani inaonyesha kuwa zimebaki dakika tano. Afanyeje? Humwamsha mhusika kitandani, akatia nukta, akaikabidhi karatasi. Mwalimu naye hupitisha kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwamba hiyo ni njia ya mkato. Ana haki ya kufanya hivyo. Hata hivyo, linalonishughulisha leo si hila ya mtahiniwa, bali ni hicho kineno "tu". Ni nani aliyetufunza kwamba ndoto ni ndoto "tu"?

Katika jamii yetu pana kambi mbili kuhusu jambo hili. Kambi ya kwanza ni ya wale wanaojiita wasomi, ambao kwao ndoto ni takataka za usiku, zinazostahili kufagiliwa pamoja na vumbi la asubuhi. Kambi ya pili ni ya wale wanaoamini kuwa kila ndoto ni barua iliyotumwa kutoka kesho, na kwamba kinachohitajika ni mtu wa kuifungua na kuisoma, aghalabu kwa malipo. Nashikilia kuwa kambi zote mbili zimepotoka, na kwamba upotovu huo unawagharimu vijana wetu shuleni. Ndoto haitabiri yatakayokuwa. Hushuhudia yaliyopo. Shahidi huyu si mkamilifu, kwani huropoka, huchanganya mambo na hutia chumvi, lakini haifai kumfukuza mahakamani kabla ya kumsikiliza.

Na tuanze na neno lenyewe, maadamu lugha ndiyo karakana yangu. Waganda husema kuloota, Wakikuyu husema kũrota, Wanyarwanda na Washona husema kurota, nao wasemaji wa Kilingala husema kolota. Ni dhahiri kwamba haya yote ni mzizi mmoja wa kale, uliokuwako katika lugha mame kabla Wabantu hawajatawanyika. Kiswahili kiliidondosha l ya mwanzo wa kitenzi, kama kilivyoidondosha katika neno njaa, ambalo kwa Kiganda ni enjala. Ndipo tukapata kuota. Lakini katika nomino, sauti hiyo ya kale ilikingwa na n iliyoitangulia, ikasalia hai kama d, ndipo tukapata ndoto. Kwa hiyo ndugu hawa wawili, kuota na ndoto, hawafanani sana kwa sura ingawa wamezaliwa tumbo moja. Kinyume chake, kuota ndoto na kuota moto hufanana kabisa ilhali si ndugu. Waganda hawavichanganyi, kwani kwao kuota moto ni kwota na kuota ndoto ni kuloota.

Nimeitaja historia hii kwa sababu moja. Neno lililodumu kwa karne nyingi namna hiyo hudumu kwa kuwa watu hawakuacha kulihitaji. Wazee wetu hawakuitazama ndoto kama kitu cha "tu". Walikuwa na msamiati mpana wa kuipambanua: njozi, ruiya, maono, jinamizi, kuweweseka. Hata mzaha walikuwa nao. Tunaposema "ndoto za Alinacha" tunamkumbuka yule mtu wa katika Alfu Lela U Lela, aliyenunua vyombo vya kioo kwa dirhamu mia moja alizorithi, akaketi mbele ya bidhaa yake akiwazia faida itakavyozaa faida hadi amwoe binti wa waziri. Katika mawazo hayo alimpiga mkewe teke la maringo, na mguu wake ukakipiga kikapu halisi. Vyombo vyote vikavunjika. Zingatia kwamba hakuwa amelala. Zamani Kiswahili kilipolitumia neno ndoto kwa njia ya sitiari, mara nyingi kilikuwa kinaonya. Siku hizi, katika hotuba za sherehe za shule, wanafunzi huhimizwa "kutimiza ndoto zao", na neno lile lile limekuwa sifa. Sina ugomvi na mabadiliko hayo, kwani lugha ni kiumbe hai. Nashangaa tu kwamba tunamhimiza mtoto atimize ndoto zake, nasi hatujawahi kumuuliza anaota nini.

Kuna umbo jingine la kitenzi hiki linalostahili kutazamwa kwa makini. Mtu akisema "nimeota", yeye ndiye mtendaji. Akisema "nimeoteshwa", mtendaji ni mwingine, naye amekuwa mpokeaji asiye na dhima. Viambishi vichache tu vimehamisha mamlaka kutoka kwa mwotaji hadi kwa nguvu asiyoweza mtu kuihoji. Mwaka 2011 Afrika Mashariki nzima ilijionea uzito wa umbo hilo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wa kijiji cha Samunge katika eneo la Loliondo nchini Tanzania, alisema kwamba Mungu alimwotesha dawa ya magonjwa sugu. Kikombe kimoja kiliuzwa shilingi 500 za Tanzania. Maelfu kwa maelfu walimiminika, wakiwemo Wakenya wengi waliovuka mpaka, na misururu ya magari ikarefuka kwa kilomita nyingi. Magazeti ya wakati huo yaliripoti juu ya wagonjwa waliotoka hospitalini kwenda kupanga foleni, na juu ya wengine waliofia njiani. Sitaki kumhukumu mzee huyo, ambaye aliaga dunia mwaka 2021. Nasema tu kwamba umma uliosikia neno "ameoteshwa" ulilichukua kuwa ushahidi tosha wa kitabibu. Dawa hupimwa kwa mgonjwa, haipimwi kwa ndoto ya mwenye kuitoa.

Yamkini msomaji ataniuliza: je, vitabu vitakatifu havisimulii ndoto zilizotimia? Vinasimulia, nami sibishani na imani ya mtu. Lakini tuvisome kwa ukamilifu. Kisa cha Nabii Yusuf kimo katika Biblia na katika Kurani. Farao aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na Yusuf akaifasiri ndoto hiyo. Hata hivyo, Misri haikuokolewa na ndoto wala na fasiri yake peke yake. Iliokolewa na ghala, yaani mpango wa kuweka akiba miaka ya neema ili kuikabili miaka ya njaa. Isitoshe, mapokeo ya Kiislamu hayazichukulii ndoto zote kuwa sawa. Huzigawa katika mafungu matatu, na fungu moja ni la mazungumzo ya nafsi, yaani yale yaliyomshughulisha mtu mchana yakamrudia usiku. Mwandishi wa kitabu cha Mhubiri naye amehusisha ndoto na wingi wa shughuli za mtu. Kwa hiyo anayedai kuwa dini inamtaka aitetemekee kila ndoto aliyoiota baada ya kula maharagwe usiku, hajaisoma dini yake vyema.

Udhaifu wa wafasiri wa mitaani ni wa kimantiki. Ukiota nyoka, huambiwa una adui. Ukiota jino limeng'oka, huambiwa utafiwa. Hapo ishara na maana zinakwenda sambamba. Lakini ukiota harusi, huambiwa ni msiba, na ukiota umekufa, huambiwa utaishi miaka mingi. Hapo maana imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Fasiri ambayo mara hufuata ishara na mara huipindua, bila kanuni ya kutuambia lini hufuata na lini hupindua, haiwezi kukosea kamwe. Na jambo lisiloweza kukosea halina habari yoyote ndani yake. Ufunguo unaofungua kila kufuli si ufunguo, ni nyundo.

Sayansi nayo inasema nini? Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo macho ya aliyelala huchezacheza upesi nyuma ya kope zilizofumbwa. Watu walioamshwa katika vipindi hivyo walisimulia ndoto mara nyingi kuliko walioamshwa katika nyakati nyingine. Leo tunajua kuwa usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90 kila mmoja. Saa za mwanzo za usiku hutawaliwa na usingizi mzito. Kadiri mapambazuko yanavyokaribia, vipindi vya macho kucheza hurefuka. Twaweza kuota katika usingizi wa aina nyingine pia, lakini ndoto ndefu, zenye visa na rangi, aghalabu ni zao la vipindi hivyo vya karibu na asubuhi. Naomba msomaji alihifadhi jambo hili, maana nitalirejelea.

Katika vipindi hivyo misuli mingi ya mwili hulegezwa kabisa, isipokuwa ile ya macho na ya kupumulia, ili mwotaji asitende anachokiota. Mara chache akili huamka kabla ya mwili kufunguliwa. Mtu hufumbua macho, akaona chumba chake, lakini hawezi kuinua hata kidole. Huhisi kifua kimekandamizwa, na pengine huona kivuli kimesimama mlangoni. Hilo ndilo jinamizi la wahenga wetu. Waliieleza hali hiyo kwa usahihi mkubwa, ingawa walilitafutia sababu nje ya mwili. Kukosa usingizi na kulala kwa saa zisizo na mpango ni miongoni mwa mambo yanayolizidisha. Mwanafunzi akilia bwenini usiku kwamba amekabwa na kitu asichokiona, hadanganyi, wala si lazima awe amerogwa. Kabla ya kumwita mpunga pepo, mwalimu na aulize kwanza: mtoto huyu amelala saa ngapi wiki hii?

Kuhusu maana ya ndoto, wataalamu wamegawanyika. Sigmund Freud, katika kitabu chake kilichochapishwa mwishoni mwa 1899, alidai kwamba ndoto ni tamaa iliyofichwa, inayojitokeza ikiwa imevaa barakoa. Mwaka 1977 Allan Hobson na Robert McCarley wa Harvard walipinga, wakisema kuwa ndoto huanzia kwenye misisimko ya shina la ubongo, na kwamba sehemu za juu za ubongo hujaribu kuiungaunga misisimko hiyo iwe hadithi. Wengi walidhani hoja hiyo imezika maana ya ndoto. Mimi sioni hivyo. Hata tukikubali kwamba matofali yametupwa ovyo, aliyejenga nyumba ni nani? Mpe seremala, mganga na mwanasiasa rundo moja la mbao, kila mmoja atakuundia kitu tofauti.

Ushahidi wa kuaminika zaidi ulitokana na kazi isiyo na mbwembwe, yaani kuhesabu. Calvin Hall na Robert Van de Castle, katika kitabu chao cha mwaka 1966, walichambua ndoto 1,000 za wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Marekani, wakiorodhesha wahusika, mahali, matendo na hisia. Waligundua kuwa mikosi huota zaidi kuliko bahati njema, na hofu na huzuni zaidi kuliko furaha. Tafiti zilizofuata katika mkondo huo zimeonyesha mara kwa mara kwamba watu tunaowaota na mambo tunayoyaota hushabihiana na yale yanayotushughulisha mchana. Ndoto, basi, ni kata iliyochovywa mtungini. Wahenga walisema: siri ya mtungi muulize kata.

Hapa ndipo ninapowageukia watahiniwa. Kila mwaka mtihani wa KCSE unapokaribia, vijana wengi huota jinamizi la aina moja: amechelewa na lango limefungwa, kalamu haina wino, maswali yameandikwa kwa lugha asiyoijua, au wenzake wanaandika naye hajui hata somo ni lipi. Wapo wanaoamka wakiwa wamekwisha kata tamaa, wakiamini kwamba hukumu imetolewa. Kijana wa namna hii huingia katika chumba cha mtihani akiwa ameshindwa kabla ya kuufungua mtihani wenyewe.

Kwake nina habari njema, na si za kubuni. Mwaka 2014 watafiti wa mjini Paris walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa udaktari waliofanya mtihani mkali wa ushindani. Kati ya wanafunzi 719 waliojibu maswali yao, asilimia 60 waliuota mtihani huo usiku wa kuamkia siku yenyewe. Katika ndoto hizo, asilimia 78 zilikuwa za mambo kuharibika: kuchelewa, kusahau majibu, kushindwa. Na walipolinganisha matokeo, wale waliouota mtihani walifanya vizuri zaidi, kwa wastani, kuliko wale ambao hawakuuota. Tusiharakishe kusema kwamba ndoto iliwapa alama. Huenda walioujali mtihani zaidi ndio waliosoma zaidi, na ndio walioota zaidi. Lakini jambo moja liko wazi: kuota umeanguka si dalili ya kuanguka. Ni dalili kwamba unajali. Ewe mtahiniwa, ukiamka na jasho la namna hiyo, jifute, unywe maji, uende zako ukafanye mtihani.

Kwa mwalimu nina ombi zito zaidi. Ndoto mbaya ya mara moja ni jambo la kawaida. Ndoto mbaya inayorudi usiku baada ya usiku ni habari nyingine. Matabibu wa akili wanaitambua kuwa mojawapo ya dalili za mtu aliyeumizwa na tukio la kutisha. Watoto walioshuhudia nyumba zikichomwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 walirudi madarasani, na wengi wao hawakupata mtu wa kuwauliza lolote. Leo wapo wengine, wanaopigwa nyumbani, wanaonyanyaswa bwenini, waliofiwa na mzazi na kuambiwa wajikaze. Mtoto anayeogopa kusema "baba hunipiga" pengine ataweza kusema "kila usiku naota nakimbizwa". Mwalimu akimjibu kwamba hiyo ni ndoto tu, amefunga mlango uliokuwa umefunguliwa kidogo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingine mgonjwa hakuficha, ni sisi tulioziba masikio. Mwalimu si mfasiri wa ndoto wala hatakiwi kuwa. Anatakiwa asikilize, aulize kwa upole yanayotendeka mchana, na ampeleke mtoto kwa mwenye ujuzi wa ushauri nasaha.

Sasa nalirejelea lile nililomwomba msomaji alihifadhi. Ikiwa ndoto nyingi hukaa katika saa za mwisho za usingizi, ni nini kinachowapata vijana wanaoamshwa kwa kengele saa kumi alfajiri ili wakasome? Tukimlaza mtoto saa tano za usiku na kumwamsha saa kumi, tumemwachia saa tano tu, na tumemnyang'anya sehemu kubwa ya usingizi wa ndoto. Chama cha madaktari wa usingizi nchini Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa nane hadi kumi. Kanuni zetu wenyewe za elimu ya msingi, zilizotangazwa mwaka 2015, ziliweka muda wa kulala katika shule za bweni kuwa saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa nane na nusu. Sheria haikukosekana. Kilichokosekana ni utiifu.

Walimu wakuu watanijibu kwamba ushindani ni mkali, wazazi wanadai alama, na shule jirani huamka mapema zaidi. Naielewa shinikizo hiyo. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba saa inayoporwa kitandani huongezwa darasani, na hilo si kweli. Usingizi ni sehemu ya kusoma, maana ndio wakati ubongo unapoyaimarisha yale uliyoyapokea mchana. Mwaka 2010 watafiti wa Harvard walichapisha jaribio ambamo watu walijifunza kupita katika njia za kutatanisha kwenye kompyuta, kisha baadhi yao wakalala kidogo. Wale waliouota mchezo huo waliimarika zaidi kuliko wale waliolala bila kuuota. Waliouota walikuwa wachache, kwa hiyo tusilikuze jaribio moja likawa msahafu. Hata hivyo, linakubaliana na tafiti nyingi nyingine juu ya usingizi na kumbukumbu. Mtoto anayesinzia juu ya kitabu saa kumi na moja alfajiri hasomi. Anahudhuria tu.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, Wizara ya Elimu na bodi za shule zihakikishe kwamba saa za kulala zilizowekwa na kanuni zinafuatwa, na mzazi anayeisifu shule kwa kuwaamsha watoto usiku wa manane aelezwe hasara yake. Pili, kila shule iwe na mwalimu ambaye mwanafunzi aweza kumwendea na kumsimulia kinachomtisha usiku bila kuchekwa, na bila kukimbiziwa maombi au hirizi kabla ya kusikilizwa. Tatu, walimu wa insha waendelee kukataa ule mwisho wa "kumbe ilikuwa ndoto tu", lakini siku moja wampe mwanafunzi zoezi la kinyume: aanze pale alipozinduka, aeleze alichokiota, kisha atafute katika siku yake ya jana kilikotoka. Atajifunza kuandika, na kwa njia hiyo hiyo atajifunza kujisoma.

Tutakapofanya hivyo, tutakuwa tumekirudisha kitenzi mahali pake. Mtoto hataogopa kwamba ameoteshwa na asiyemjua. Atasema "nimeota", naye atajua kwamba aliyesema ndotoni ni yeye mwenyewe, na kwamba kesho yake bado haijaandikwa.